Metali Zinazopata Nguvu kwa Kuliwa na Asidi

Kipande cha aloi ya dhahabu na fedha kikitumbukizwa katika asidi ya nitriki, asidi huila fedha na kuiacha dhahabu. Fedha ikishatoka yote, mtu angetarajia kukuta unga chini ya chombo. Haiwi hivyo, mradi aloi ilichanganywa kwa kipimo kinachofaa. Kipande hubaki kizima, na pembe zake na kingo zake, ila rangi imegeuka kahawia na uzito umepungua sana. Ndani yake dhahabu imejipanga upya kuwa mtandao wa vijiti vyembamba vilivyoungana kila upande, na baina ya vijiti kuna njia wazi zinazopenya kutoka uso mmoja hadi mwingine. Unene wa kijiti kimoja huwa kati ya nanometa 5 na 50 hivi. Nanometa ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa.

Mtandao huo ukijazwa kitu kingine, iwe plastiki ngumu au metali ya pili, hupatikana nanokompositi: kitu kimoja kilichoundwa na viwili ambavyo havikuyeyukiana, kila kimoja kikibaki na tabia yake, vikiwa vimeshikana katika kipimo cha nanometa. Kinachowashughulisha watafiti kwa miaka zaidi ya 20 sasa ni nguvu ya vitu hivi. Inawezekanaje kitu ambacho theluthi mbili ya mwili wake imeondolewa kiwe na nguvu ya kutajwa? Na kama nguvu hiyo ipo, imejificha wapi hata isionekane kwenye madaraja, magari na ndege?

Ufundi wenyewe ni wa zamani kuliko sayansi yake. Huko Sardis, mji mkuu wa ufalme wa Lydia katika nchi ambayo leo ni Uturuki, wanaakiolojia walifukua karakana ya karne ya 6 kabla ya Kristo, ambamo dhahabu ilitenganishwa na fedha kwa kuchomwa pamoja na chumvi kwa muda mrefu. Chumvi iliivuta fedha, dhahabu ikabaki. Asidi ya nitriki ilipojulikana katika zama za kati, kazi ikawa nyepesi, na mafundi wakajifunza kanuni inayofuatwa hadi leo: dhahabu yenye fedha kidogo haiguswi na asidi, hivyo ni sharti kwanza iongezwe fedha mpaka dhahabu yenyewe iwe robo tu ya mchanganyiko. Maabara zinazopima usafi wa dhahabu bado hufanya vivyo hivyo. Kipande kinachotoka kwenye asidi huwa cha kahawia na kilegevu, nacho hupashwa moto mkali kabla ya kupimwa kwenye mizani. Kikishapata moto hunywea na kurudia manjano yake. Ule ukahawia ni alama ya vijitundu. Vizazi vya wapimaji waliishika dhahabu hiyo kwa koleo zao, wakaipeleka motoni upesi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuichunguza.

Mafundi wa Amerika ya kale walipita njia nyingine. Katika maeneo ya Colombia, Ecuador na Peru, kabla Wahispania hawajafika, yalitengenezwa mapambo ya tumbaga, yaani aloi ya dhahabu na shaba ambayo mara nyingine ilikuwa na shaba nyingi kuliko dhahabu. Pambo lilichomwa hadi shaba ya juu ikaungana na hewa, kisha likasafishwa kwa majimaji makali. Kazi ikirudiwa mara kadhaa, ngozi ya juu ilibaki dhahabu tupu yenye vijitundu, nayo ikasuguliwa hadi ing'ae. Ndani, pambo liliendelea kuwa na shaba yake.

Upande mwingine wa jambo hili ni hasara tupu. Aloi ya shaba na zinki, ile ya manjano inayotengenezewa koki na viungo vya mabomba, ikikaa katika maji ya bahari au maji mengine yenye chumvi hupoteza zinki yake polepole. Kiungo hubaki na umbo lile lile, wekundu wa shaba ukijitokeza kwa mabaka, lakini siku kinapokazwa kwa spana humeguka mkononi mwa fundi. Wahandisi wa meli walilijua tatizo hilo tangu karne ya 19, na dawa mojawapo ikawa kuongeza arseniki kidogo sana ndani ya aloi. Ndiyo maana vitabu vingi vya uhandisi huliweka jambo hili katika sura ya kutu, pamoja na maadui wengine wa metali.

Aliyelitazama kwa jicho la faida mapema alikuwa Mmarekani Murray Raney. Katika miaka ya 1920 alikuwa akitafuta njia bora ya kugandisha mafuta ya mbegu za pamba, kazi inayohitaji nikeli kama kichocheo. Alichanganya nikeli na alumini nusu kwa nusu, akaisaga aloi hiyo, kisha akaiondoa alumini kwa kostiki soda. Nikeli iliyobaki ilikuwa na matundu mengi mno, na hivyo uso mkubwa wa kufanyia kazi. Hataza yake ya mwaka 1927 ilizaa kichocheo ambacho viwanda vya kemikali vinakitumia hadi sasa. Raney hakuhitaji nguvu. Unga wake haukutakiwa kubeba chochote.

Sayansi ilichelewa kwa sababu kulikuwa na fumbo. Asidi inapofika juu ya aloi ya dhahabu na fedha, huziondoa atomi za fedha zilizo usoni. Dhahabu iliyobaki ingepaswa kuufunika uso wote na kuuzuia ulaji usiendelee, na kazi ingeishia kwenye tabaka chache za atomi. Lakini asidi hupenya hadi moyoni mwa kipande. Mwaka 1979 mwanafizikia A. J. Forty alieleza katika jarida la Nature kwamba atomi za dhahabu hazitulii zilipo, bali hutembea juu ya uso. Mwaka 2001, katika jarida lilo hilo, Jonah Erlebacher na wenzake, miongoni mwao Karl Sieradzki na Alain Karma, walitoa maelezo kamili yaliyoungwa mkono na hesabu za kompyuta.

Mambo huenda hivi. Asidi hung'oa atomi moja ya fedha kutoka kwenye tabaka lililo tambarare. Majirani zake wa fedha, wakiwa wamepoteza mshikizi mmoja, hung'oka kwa urahisi zaidi, na tabaka lote huanza kuliwa kutoka hapo. Atomi za dhahabu zilizokuwa kati yao hubaki pweke juu ya uso, na atomi pweke hutangatanga mpaka ikutane na wenzake. Basi dhahabu hukusanyika katika visiwa vidogo, na nafasi iliyoachwa wazi kati ya visiwa huifunulia asidi fedha ya tabaka la chini. Kadiri asidi inavyochimba, kila kisiwa hugeuka kuwa kofia ya kilima, na kilima kikirefuka huwa na ubavu mkubwa ambao dhahabu iliyopo haitoshi kuufunika. Hapo ubavuni huanza shimo jipya. Mashimo hugawanyika, hukutana, huzunguka, na mwishowe hubaki vijiti na njia ambavyo vyote viwili vimeungana bila kukatika. Hakuna aliyevichora. Umbo zima hutokana na mashindano ya mambo mawili tu, kasi ya asidi kung'oa fedha na kasi ya dhahabu kutembea.

Sharti la kipimo nalo hueleweka kutokana na hayo. Fedha isipofikia kiwango kilicho juu kidogo ya nusu ya atomi zote, yaani kiasi cha asilimia 55 kwa aloi ya dhahabu na fedha, haiwi na njia isiyokatika ya kuiongoza asidi ndani, na ulaji hukwama. Kwa upande wa pili, dhahabu ikiwa kidogo mno mtandao hukosa vya kujijengea, na kipande husambaratika.

Jambo moja ni muhimu sana kwa nguvu. Punje za fuwele zilizokuwa katika aloi ya mwanzo hazivunjiki wakati wa kuliwa. Punje yenye upana wa makumi ya maikrometa huendelea kuwa punje moja, ila sasa imetobolewa. Mpangilio wa atomi katika kijiti kimoja huendelea moja kwa moja katika kijiti cha jirani. Mtandao huu haukuunganishwa kwa gundi wala kuchomelewa. Ni fuwele moja iliyochongwa kutoka ndani, na ndani ya mchemraba wa milimita moja huwa na vijiti vya kuhesabiwa kwa matrilioni.

Ili kuona ukubwa wa nguvu iliyomo, ni lazima kwanza kujua udhaifu wa metali ya kawaida. Mwaka 1926 Yakov Frenkel alikokotoa mkazo unaohitajika ili tabaka moja la atomi liteleze juu ya jingine kwa mara moja. Jibu lilikuwa kubwa kuliko vipimo vya metali safi kwa mamia au hata maelfu ya mara. Maelezo yalikuja mwaka 1934 kutoka kwa watu watatu waliofanya kazi kila mmoja kivyake: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Fuwele za metali zina dosari, mistari ambayo mpangilio wa atomi umekosea hatua. Mstari wa namna hiyo husogea kwa kuhamisha safu moja tu ya atomi kwa wakati, hivyo hauhitaji mkazo mkubwa, na kila unapopita huacha nyuma yake tabaka lililokwisha kuteleza. Tena dosari huzaliana wakati metali inapopindwa. Metali laini ni ile ambayo dosari zake hutembea bila kipingamizi.

Karibu kila mbinu ya kuimarisha metali tangu zamani za wahunzi ni mbinu ya kuziwekea dosari vizuizi: kuongeza kaboni katika chuma, kuipiga nyundo metali ikiwa baridi, kufanya punje za fuwele ziwe ndogo. Kijiti cha dhahabu chenye unene wa nanometa 15 hupata nguvu kwa sababu tofauti. Hakina nafasi ya dosari kuzaliana. Iliyokuwamo hufika usoni mara moja na kutoweka, na ili nyingine izaliwe ni lazima itokee kwenye uso wa kijiti, jambo linalodai mkazo unaokaribia ule wa Frenkel. Udogo wenyewe ndio unaoleta nguvu.

Mwaka 2006 vipimo vilithibitisha hayo. Cynthia Volkert na wenzake walichonga nguzo ndogo za dhahabu yenye vijitundu kwa miale ya ioni, wakazibana kwa kifaa cha almasi. Walipokokotoa mkazo uliobebwa na vijiti vyenyewe, vya unene wa nanometa 15 hivi, walipata gigapaskali 1.5, sawa na megapaskali 1,500. Megapaskali moja ni kama uzito wa kilo 10 uliokaa juu ya eneo la sentimita moja ya mraba. Dhahabu laini ya kawaida huanza kupinda kwa makumi tu ya megapaskali, na nondo nzuri za ujenzi ziko karibu na 500. Mwaka huo huo Jürgen Biener na wenzake, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California na kwingineko, walitoa matokeo ya kuelekea huko huko na kuonyesha kwamba kadiri kijiti kinavyokuwa chembamba ndivyo kinavyozidi kuwa na nguvu. Dhahabu, metali ambayo sonara huifinya kwa koleo, ilikuwa imeipita nondo mara tatu.

Imeipita, lakini katika kijiti. Kipande kizima ni habari nyingine, na hapa msomaji hupotoshwa kwa urahisi akitajiwa nguvu ya kijiti kana kwamba ni ya kipande. Hesabu inayotumika kwa vitu vyenye matundu ilienezwa na Lorna Gibson na Michael Ashby katika kitabu chao cha mwaka 1988. Inasema kwamba nguvu ya mtandao hupungua haraka kuliko uzito wake, kwa sababu vijiti hupinda badala ya kuvutwa sawasawa, na kijiti kinachopinda hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Dhahabu ikibaki asilimia 30 ya ujazo, nguvu ya kipande hushuka hadi asilimia 5 hivi ya nguvu ya kijiti. Gigapaskali 1.5 zinageuka kuwa megapaskali 75. Si haba kwa kitu ambacho zaidi ya theluthi mbili ni hewa, lakini si nondo. Ukakamavu nao, yaani ukinzani wa kupinda kabla umbo halijaharibika, huporomoka hadi asilimia 9, na vipande halisi mara nyingi vimepimwa vikiwa chini hata ya hapo. Sababu mojawapo ni kwamba vijiti vingi katika mtandao vimeshikwa upande mmoja tu, au vimeunganishwa vibaya, hivyo vina uzito ila havina mzigo.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye kuvuta. Kipande cha dhahabu yenye vijitundu kikibanwa hujikunja, matundu hujifunga taratibu, na kipande huzidi kuwa kigumu bila kupasuka. Kikivutwa hukatika ghafla. Rong Li na Karl Sieradzki waliandika juu ya ukatikaji huo mapema, mwaka 1992. Ukitazamwa kwa hadubini ya elektroni, kila kijiti kilichokatika kimerefuka na kuchongoka kama inavyotarajiwa kwa dhahabu laini. Ni kipande kizima kinachokatika kwa ukavu. Safu moja ya vijiti ikizidiwa, mzigo wake wote huangukia safu ya jirani, na ufa hukimbia kabla sehemu nyingine za kipande hazijapata habari. Mambo ya utengenezaji huongeza chumvi kwenye kidonda: wakati wa kuliwa, kipande kinaweza kunywea hadi asilimia 30 ya ujazo wake, na mnyweo huo ukienda bila uwiano huacha nyufa kwenye mipaka ya punje kabla mzigo wowote haujawekwa.

Hapa ndipo kujaza kunapoingia. Kundi la Jörg Weissmüller, la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Hamburg pamoja na kituo cha utafiti cha Geesthacht nchini Ujerumani, lilichukua dhahabu yenye vijitundu na kuinywesha epoksi, gundi ya kawaida ya viwandani, ikiwa bado majimaji. Epoksi ilipita katika njia zote na kugandia humo. Matokeo, yaliyochapishwa na Ke Wang na Weissmüller mwaka 2013, yalikuwa kwamba kitu kilichokuwa kikikatika kama kioo sasa kilikubali kuvutwa, na nguvu yake ikapanda sana. Epoksi yenyewe si kitu cha ajabu, na hiyo ndiyo sehemu ya kushangaza: vitu viwili, kimoja chenye kukatika kwa ukavu na kingine chenye nguvu ya wastani, vilitoa cha tatu kinachovishinda vyote viwili.

Sababu ziko katika yale yale yaliyoudhoofisha mtandao mtupu. Kijiti kilichozungukwa na epoksi hakiwezi kupinda kwa uhuru, hivyo hulazimika kubeba mzigo kwa urefu wake, na nguvu ile ya gigapaskali hutumika kwa sehemu kubwa zaidi. Kijiti chenye ncha isiyoshikwa hupata sasa jirani wa kumkabidhi mzigo. Ufa unapojaribu kukimbia hukuta epoksi inayoendelea kushikilia kingo zake mbili, na vijiti vilivyo nyuma ya ncha ya ufa vina nafasi ya kurefuka kabla ya kukatika. Zege lenye nondo linajulikana na kila mjenzi, na hapa pia kuna vitu viwili vinavyosaidiana; lakini nondo huwekwa na mtu, kwa mistari, na zege ndilo linalozizunguka. Katika nanokompositi ya aina hii hakuna kinachozunguka kingine. Vyote viwili vimepita kila mahali, na ukikiondoa kimoja kwa kemikali, kingine kitabaki kimesimama peke yake.

Asidi hata hivyo ina mipaka. Hufaa kwa metali zisizoliwa kirahisi, kama dhahabu, platini na shaba. Titani au chuma haviachwi salama na majimaji ambayo yangeweza kuwala wenzao. Mwaka 2011 Takeshi Wada, Hidemi Kato na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walionyesha njia ya kutumia metali iliyoyeyuka mahali pa asidi. Walichukua aloi ya titani na shaba wakaizamisha katika magnesi iliyoyeyuka. Shaba inapatana na magnesi, nayo ikahamia humo. Titani haipatani nayo, ikabaki na kujipanga kuwa mtandao. Wazo la metali moja kula aloi ya nyingine lilikwisha kuchunguzwa tangu mwaka 1959, lakini Wajapani ndio waliolifanya kuwa mbinu ya kutengeneza. Kwa kuchagua metali zipi zinapatana na zipi zinachukiana, titani, chuma chenye kromiamu na hata silikoni zimefanyiwa vivyo hivyo.

Mbinu hiyo ina zawadi ndani yake. Metali iliyoyeyuka ikiachwa ipoe bila kumwagwa, huganda ndani ya matundu, na kompositi huwa imekamilika kwa hatua moja, bila epoksi wala kazi ya kujaza. Huko Marekani, Ian McCue, Erlebacher na wenzao walichukua aloi ya titani na tantali wakaizamisha katika shaba iliyoyeyuka. Titani ilihamia kwenye shaba. Tantali, ambayo huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 3,000 za Selsiasi na haipatani na shaba kamwe, ilibaki kama mtandao, na shaba ikagandia katikati yake. Vijiti viliweza kutengenezwa kwa unene wa nanometa 70 hadi maikrometa kadhaa, na kwenye vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 ilionekana tena kanuni ile ile: muundo ukiwa mwembamba, nguvu hupanda. Katika jozi ya metali na metali kuna kizuizi cha ziada. Dosari inayosafiri ndani ya shaba ikifika mpaka wa tantali hukuta fuwele ya namna nyingine kabisa na hukwama, hivyo mipaka hiyo, iliyo mingi mno kwa sababu ya udogo wa vijiti, hufanya kazi ya ukuta katika kila hatua. Tantali hiyo hutokana na koltani, madini ambayo Kongo na Rwanda ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa duniani. Kwa sasa sehemu kubwa huishia kwenye vipuri vya simu na kompyuta.

Matumizi yaliyo karibu zaidi na mtu wa kawaida ni ya hospitali. Mfupa mgumu wa binadamu una ukakamavu wa gigapaskali 10 hadi 30 hivi. Titani ina 110, chuma cha pua kinakaribia 200. Chuma kikifungwa kwenye paja lililovunjika, chenyewe hubeba mzigo na mfupa hukaa bila kazi, na mfupa usiobebeshwa kitu hupungua unene hadi siku moja kifaa kilegee na mgonjwa arudi kupasuliwa. Kinachotakiwa ni kitu chenye nguvu ya metali lakini kisicho kikakamavu kuliko mfupa. Mwaka 2017 Ilya Okulov, Weissmüller na Jürgen Markmann walichapisha kazi juu ya aloi za titani zilizotobolewa kwa magnesi iliyoyeyuka kisha zikajazwa plastiki zinazokubaliwa na mwili. Vitu hivyo vilistahimili hadi megapaskali 260 kabla ya kuharibika umbo, na ukakamavu wake uliweza kurekebishwa ufanane na wa aina mbalimbali za mifupa. Ule upungufu wa ukakamavu uliokuwa aibu ya dhahabu yenye vijitundu ndio unaotafutwa hapa.

Lipo na jambo ambalo bado linasubiri matumizi. Hai-Jun Jin na Weissmüller, katika jarida la Science mwaka 2011, waliijaza dhahabu yenye vijitundu majimaji yanayopitisha umeme badala ya plastiki. Kwa kubadili volteji kidogo, waliweza kufunika kila kijiti kwa tabaka jembamba la oksijeni au kuliondoa, na kipande kilichokuwa kikibanwa kiligeuka kuwa kigumu na kurudi ulaini wake kwa amri ya swichi, tofauti ya nguvu ikifikia takriban maradufu. Metali ya namna hiyo ingeweza kuwa laini wakati wa kufinyangwa na ngumu wakati wa kazi.

Vikwazo si vidogo. Vijiti hunenepa vyenyewe, kwa sababu atomi za juu ya uso hutembea daima zikipunguza ukubwa wa uso. Joto la nyuzi mia chache linatosha kuifanya dhahabu ya nanometa 20 kuwa ya mamia, na nguvu hupotea kadiri hiyo. Kwa mtafiti hilo ni faida, maana aloi moja humpa unene wowote autakao. Kwa injini ni kizuizi. Asidi na metali iliyoyeyuka huingia ndani polepole zaidi kadiri kina kinavyoongezeka, kwa hiyo vipande vingi vilivyopimwa ni vya milimita chache. Nyufa za mnyweo bado hazijadhibitiwa kikamilifu. Na dhahabu, ambayo imefundisha karibu yote yanayojulikana, ni ghali mno kujengea chochote. Kazi za karibuni zinajaribu kupunguza bei na kuongeza nguvu kwa pamoja: mwaka 2021 kundi la Hamburg lilionyesha katika Science kwamba aloi yenye fedha nyingi ikiliwa kwa awamu mbili huwa na mtandao ndani ya mtandao, vijiti vikubwa vikiwa navyo vimejengwa kwa vijiti vidogo, na kitu hicho huwa na nguvu kuliko mtandao wa ngazi moja wenye uzito huo huo.

Kwa hali ilivyo, vipandikizi vya mifupa vina nafasi nzuri zaidi ya kutoka maabara kabla ya madaraja na ndege, kwa sababu vinahitaji vipande vidogo, havipati joto, na mnunuzi wake yuko tayari kulipia. Bidhaa ya aloi iliyoliwa inayofanya kazi viwandani kila siku ingali ile ya Murray Raney, na kazi yake ni kuharakisha kemia, si kubeba mzigo.